Mwaka wa Mashine Sita

Mwalimu Athumani Kazembe alizikwa kwao Nalasi bila mimi kuwa na habari, kwa sababu kila aliyepaswa kunipigia simu alidhani mwingine amekwisha kunipigia. Nilifika siku ya arobaini. Kisomo kilipokwisha na watu wakawa wanakula pilau chini ya turubai, binti yake mkubwa, Mwajuma, alinishika mkono akaniingiza kwenye chumba alichokuwa akifanyia kazi baba yake. Kilikuwa chumba cha mtu aliyefungua vitu maisha yake yote: makasha ya redio yaliyotolewa matumbo, spika zimepangwa kwa ukubwa, kopo la maziwa ya unga limejaa skrubu. Mwajuma akakaa kwenye kigoda akaniuliza, "Shangazi, wewe ulifanya kazi na baba Songea. Huku kila mtu anasema alikuwa mwalimu wa hesabu na fundi redio. Ni hayo tu?" Kila nililotaka kusema lilihitaji lingine litangulie. Nikamwambia nitamwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia, na nimeongeza mambo machache ambayo wakati ule sikuyaelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa kuchapa katika shule ya sekondari ya wasichana iliyoanzishwa na wazazi, nje kidogo ya mji wa Songea, upande wa kuelekea milima ya Matogoro. Ulikuwa wakati wa soko huria. Mwenye lori alifungua kampuni, mwenye kiwanja aliota shule, na minara ya simu za mkononi ilikuwa ndiyo kwanza inasimama mjini, watu wakipita wanaitazama. Shule yetu ilikuwa na matofali ya kuchoma, vyoo vipya, na walimu wachache waliotoka mikoa mbalimbali. Mwaka ule tulipewa kompyuta sita kuukuu na kikundi cha marafiki wa ng'ambo, kutoka mji ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulitamka jina lake. Zilikuja kwa lori katika makasha saba, zimeviringishwa kwenye mablanketi. Mkuu wa shule akaamuru ziwekwe kwenye chumba kilichokuwa kando ya stoo ya mahindi, na wasichana wa darasa la ushonaji wakazishonea vitambaa vya kuzifunika, vyenye maua ya uzi mwekundu pembeni. Mlango ukafungwa. Ufunguo ukakaa kwenye droo yangu. Wageni wakija, nilitumwa nikafungue, ninyanyue kitambaa kimoja, wageni watazame, watikise vichwa, nifunike. Nilifanya kazi hiyo muhula mzima. Hakuna aliyewahi kuniomba niwashe hata moja.

Mkuu wetu alikuwa Mama Kamugisha, mtu wa Bukoba, mwalimu wa jiografia aliyezunguka karibu nchi nzima katika utumishi wake, akastaafu, kisha wazazi wa Songea wakamwomba awasimamie shule yao. Nilipanga chumba cha nyuma nyumbani kwake na tulikula pamoja. Alikuwa amepanda migomba nyuma ya jiko, na kila alipopika ndizi na maharage alisema kwamba hizi si ndizi, ni picha ya ndizi, kisha anakula mpaka sahani inang'aa. Siku za Jumamosi tulikula dagaa wa Nyasa na ugali, na hapo hakuwa na malalamiko. Alikuwa mrefu, mkimya, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni, na wasichana walimwogopa kwa namna ya watoto wanaomwogopa mtu asiyewahi kuwapiga. Chumba changu na sebule yake vilitenganishwa na ukuta wa mbao, kwa hiyo mazungumzo ya sebuleni yalinifikia nitake nisitake.

Jumapili moja alasiri alikuja Mzee Ndomba, mwenyekiti wa bodi ya shule, mfanyabiashara wa malori, mtu mwenye sauti ya kuzoea kushindana na injini. Nilikuwa napiga pasi. Nikamsikia akisema, "Mwalimu, mashine zile bila intaneti ni masanduku. Intaneti inataka simu, na waya wa simu haujafika huku. Watoto wa kidato cha kwanza wanalala wawili wawili kitanda kimoja. Kuna watu Mbinga wana vitanda na wanazitaka mashine. Tubadilishane nao."

Mama Kamugisha akauliza, "Kikao cha bodi ni lini?"

"Wiki ya kufunga muhula."

"Basi kikao kitaamua."

Nikaendelea kupiga pasi. Kusema kweli nilimwona Mzee Ndomba ana haki. Niliwajua wale watoto wa kidato cha kwanza. Asubuhi nyingine walikuja ofisini na shingo zimekakamaa kwa kulala vibaya. Na sikuwa na sababu yoyote ya kuzionea huruma mashine nilizozijua kwa vitambaa vyake tu.

Kesho yake, baada ya vipindi, Mwalimu Kazembe alisimama kwenye dirisha la ofisi yangu. Alikuwa mwembamba, mpole wa maneno, na kwenye mfuko wa shati, pale walimu wengine walipochomeka kalamu ya pili, yeye alichomeka bisibisi. "Dada Resti," akasema, "naomba ufunguo wa chumba cha kompyuta."

"Mama amekataza, Mwalimu. Mpaka awepo mwenyewe."

"Na yeye akiwepo anasema mpaka waje wataalamu."

Nikamwambia basi asubiri wataalamu. Akacheka kidogo, na kile kicheko kisicho na hasira ndicho kilichonifanya nimweleze nilichosikia kupitia ukutani, jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza, "Unajua kwenye lile kasha la saba kuna nini?" Kasha la saba lilikuwa dogo, limesukumwa kwenye kona, na sote tuliamini lina takataka za kufungashia. "Kuna waya," akasema. "Nililichungulia siku tulipozipakua. Kule zilikotoka, wale watu walikuwa wameziunganisha mashine zote. Wametuletea na waya wake. Mtandao si lazima utoke Dar es Salaam, dada. Hata chumba kimoja kinaweza kuwa na mtandao wake."

Sikumwelewa. Lakini nilikuwa nimechoka kunyanyua vitambaa. Siku za Jumanne na Alhamisi Mama Kamugisha alikwenda mjini kwa shughuli za shule na hakurudi mpaka jioni. Jumanne iliyofuata nikampa Mwalimu ufunguo, na kwa kuwa niliogopa kumwacha peke yake, nikaingia naye.

Chumba kilinukia mahindi kutoka stoo ya jirani na vumbi la mablanketi. Mwalimu alikunja vitambaa vyote sita kwa uangalifu, akaviweka dirishani, akafungua mashine moja baada ya nyingine kutazama ndani. Alichagua ile iliyokuwa na kumbukumbu kubwa kuliko zote, akaisogeza karibu na mlango. "Hii itakuwa seva," akasema. Nikauliza seva ni nini. Akafikiri. "Unamjua mama anayeuza chakula pale stendi? Yeye hakufuati. Amekaa, chakula chake kiko tayari. Wewe ukifika ukiagiza wali, anakuletea wali. Anafika mwingine anaagiza ugali, anampa ugali. Seva ndiyo hiyo. Imekaa, inasubiri kuulizwa." Alikuwa na diski ya programu aliyotumiwa na rafiki yake wa Dar, pamoja na kurasa za maelekezo zilizotolewa nakala mpaka maandishi yakafifia. Kwa wiki mbili nzima nilimwona akipambana na kioo cheusi chenye maandishi meupe. Anasema bismillahi, anachapa mstari, mashine inamjibu kwa maneno ya kumkatalia, anaandika maneno yale kwenye daftari, anasoma karatasi zake, anaanza tena. Hakuwahi kuipiga ile mashine wala kuitukana. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema redio ikikataa huwa inanyamaza, lakini hii inakataa na kukupa sababu, na mtu anayekupa sababu hujakosana naye.

Alhamisi moja kioo kilibadilika. Badala ya weusi ukatokea ukurasa mweupe wenye mistari michache ya Kiingereza, na Mwalimu akaondoa mikono kwenye kibodi, hata nikadhani kimeharibika kitu. "Inasemaje?" nikauliza. Akanitafsiria kwamba inasema ikiwa unausoma ukurasa huu, basi seva imekaa sawa na iko tayari kuwekewa kurasa zako. Nikamuuliza nani ameuandika na umetoka wapi. Akasema umetoka humohumo. Mashine imejiuliza yenyewe na imejijibu yenyewe, ila imepita njia ileile ambayo swali lingepita kama lingetoka Ulaya. Nilisogea. Sasa, baada ya miaka mingi ya kazi hii, nimeuona ukurasa wa namna ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na huwa naufuta bila kuusoma. Lakini siku ile niliutazama mstari kwa mstari. Kulikuwa na mahindi nyuma ya ukuta, kulikuwa na mtu anaswaga mbuzi barabarani, na ndani ya kile chumba kitu kisicho na uhai kilikuwa kimeulizwa swali na kimejibu.

Kilichobaki ni mashine nyingine kuiuliza. Waya wenyewe ulikuwa mweusi, kama ule wa antena ya televisheni, unapita nyuma ya mashine zote kwa mstari mmoja, na kila mwisho wake lazima uwe na kizibo kidogo cha chuma, la sivyo mstari mzima unakufa. Kasha la saba lilikuwa na kizibo kimoja tu. Tulipekua mablanketi, tulipekua majani ya kufungashia, hakuna. Mwalimu alikwenda kwake akarudi na redio iliyokufa. Akatoa ndani yake vitu viwili vidogo vyenye mistari ya rangi, rezista, akanieleza kwamba kizibo si kizibo, ni rezista ya kiasi fulani iliyovishwa chuma, na kwamba hizi mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu zinatoa kiasi hichohicho. Akazilehemu pamoja juu ya kipande cha bati, moshi ukapanda, akachomeka. Kisha akaniweka mimi kwenye mashine ya sita, ile ya mbali kabisa, chini ya dirisha, akanitajia anwani ya tarakimu, namba moja moja na nukta zake, nami nikazichapa. Nikabonyeza. Ukurasa uleule uliokuwa kwenye mashine ya kwanza karibu na mlango ukashuka taratibu kwenye kioo changu.

Sikupiga kelele. Nakumbuka niliufuata ule waya kwa macho, kutoka mgongoni mwa mashine yangu, mezani, sakafuni, mpaka ulipofika kwake, kana kwamba ningeona kitu kikipita. Mwalimu alisema alhamdulillahi kwa sauti ya chini, akatoka barazani, akasimama kuitazama Matogoro mpaka niliposikia kengele ya jioni nikamkumbusha tufunike.

Baada ya hapo kazi ikawa yangu. Mwalimu alinifundisha alama ambazo maneno huwekewa ili mashine ijue hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa pana picha, na kwa mtu aliyezoea kuchapa stensili bila kukosea haikuwa ngumu. Tatizo lilikuwa tuandike nini. Juu ya meza yangu kulikuwa na daftari kubwa la bluu la Mama Kamugisha, notisi zake za jiografia za kidato cha tatu na cha nne, alilonipa nichape stensili za wasichana wote. Wino wa mashine ya kudurufu ulikuwa umekwisha na mwingine haukujulikana utafika lini. Kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja kwa wasichana kumi na wawili, na kurasa za mito zilikuwa zimechanwa. "Weka hizo," Mwalimu akasema. Nikaanza. Notisi zilikuwa za Kiingereza, kama masomo ya sekondari yanavyotakiwa, na Kiingereza changu kilikuwa cha kunakili kuliko cha kuelewa. Niliyapeleka macho kwenye daftari na vidole kwenye kibodi, na maneno yakapita kati yake bila kusimama kichwani. Mwalimu alichora ramani kwa kuhesabu vijimraba vya kioo kimoja kimoja. Tulitafuna korosho alizotumiwa kutoka Nalasi, tukikinga chenga kwa mkono zisiangukie kwenye vitufe. Tukifunga mlango saa kumi na moja vidole vyangu vilikuwa bado vinacheza.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho kabla ya wiki ya kikao. Gari la Mama Kamugisha liliharibika njiani hajafika mjini, akarudi kwa miguu, na kwa kuwa mlango wa ofisi ulikuwa wazi na mimi simo, akanitafuta. Nilisikia viatu vyake barazani nikajua. Alisimama mlangoni. Vitambaa vilikuwa dirishani, mashine mbili ziko wazi matumbo nje, waya umetambaa sakafu nzima.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

Hakuitika. Alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi. "Ufunguo nilimpa nani?"

"Mimi, Mama."

"Nilikuambia nini?"

"Asiingie mtu."

Mwalimu Kazembe alisimama. "Mkuu, kosa ni langu. Nilimwomba. Lakini naomba uketi hapa, kwenye hii ya sita, dakika mbili tu, uone—"

"Mwalimu, sikuja kuona." Akaingia hatua tatu, akafika mbele ya mashine ya sita, kwenye dirisha, akachukua vitambaa, akavirusha mezani. Kisha akasimama kidogo pale, mgongo wake kwetu, kioo cha mashine kikiwa mbele yake. Akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. "Resti, muhula ukiisha utafute kazi nyingine," akasema, akatoka.

Jioni ile nilipika mimi, kwa woga. Tulikula ndizi bila yeye kusema kwamba si ndizi. Nilikuwa nimeshafungasha nusu ya nguo zangu kichwani, nikifikiria nitakwenda kuishi kwa nani. Alimaliza, akasogeza sahani, akavaa miwani. "Yale maandishi uliyatoa wapi?"

"Kwenye daftari lako la bluu, Mama. Ulinipa nichape."

"Daftari langu halijaandika kwamba Mto Ruvuma unamwaga maji Ziwa Nyasa."

Akaniambia nilete daftari. Tulilifungua pale mezani, kati ya sahani, akaniwekea kidole. Notisi zake zilisema Ruvuma huanzia milima ya Matogoro na kwenda Bahari ya Hindi. Mstari wa chini yake ulisema Ruhuhu ndio unaoingia Ziwa Nyasa. Nilikuwa nimeruka mstari, nikaunganisha mwanzo wa mto mmoja na mwisho wa mwingine. "Unaishi chini ya milima ya Matogoro," akasema, "na umeugeuza mto wako mwenyewe." Hakusema kwa ukali. Ilinichukua muda kutambua kwamba katika zile dakika alizosimama kwenye dirisha, mgongo kwetu, alikuwa anasoma.

Asubuhi akaniita kabla ya paredi, yeye, Mwalimu Kazembe na mimi, akafungua chumba mwenyewe. "Sahihisha," akaniambia. Mwalimu akamwomba, kwa upole uleule, aketi kwenye mashine ya sita wakati mimi nasahihisha kwenye ya kwanza. Safari hii alikubali. Nilifuta maneno mawili nikaandika mengine, nikahifadhi. Mwalimu akainama akamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Mama Kamugisha akakibonyeza kwa kidole kimoja, kwa nguvu kuliko inavyohitajika, na mto ukahama. Aliutazama mstari ule. Akauliza, "Na hizi nyingine?" Mwalimu akaenda akabonyeza kwenye ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, na kila alipobonyeza Ruvuma ukaenda baharini. Mama Kamugisha akavua miwani.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini," akasema, na haikuwa wazi anamwambia nani, "nilifundisha kwamba Ziwa Nyasa halina mto unaotoka. Nilichanganya na Rukwa. Niliwaandikia ubaoni, wakanakili. Darasa zima. Niligundua wamekwishahitimu." Akafuta miwani kwa pindo la kitenge. "Nimekuwa nikiwafikiria miaka yote hii, wanavyotembea na lile ziwa langu lililozibwa." Nje wasichana walikuwa wanajipanga kwa paredi, wanasemeshana. Nilikuwa nimeishi naye mwaka karibu mzima, nimesikia kila alichosema sebuleni, na sikujua kwamba alikuwa amebeba jambo kama hilo. Habari ya mimi kutafuta kazi nyingine haikutajwa tena, wala sikuthubutu kuuliza.

Bodi ilikaa Ijumaa iliyofuata. Mama Kamugisha aliwaleta wajumbe wote chumbani na kuwaweka wasichana sita wa kidato cha nne kwenye mashine sita. Umeme ulikuwepo, nuru yake hafifu lakini ulikuwepo. Mzee Ndomba alisimama nyuma ya msichana mmoja, mikono mgongoni, akasoma au akajifanya anasoma. "Kwa hiyo hii ndiyo intaneti?" akauliza.

Mwalimu Kazembe angeweza kusema ndiyo. Pale ndani hakuna ambaye angembishia. "Hapana, Mwenyekiti," akasema. "Hii haitoki nje ya chumba hiki. Ikija intaneti siku moja, tutazitoa kurasa hizi nje kama zilivyo, hatutabadilisha kitu. Lakini leo inaishia kwenye zile kuta."

Wajumbe wakatazamana. Nilimkasirikia kimoyomoyo kwa ukweli wake. Mzee Ndomba akaenda kutoka msichana mmoja mpaka mwingine. "Hawa wote wanasoma kitabu kilekile?"

"Kilekile."

"Kiko wapi chenyewe?"

Mwalimu akaonyesha ile mashine iliyokaa karibu na mlango. Mzee Ndomba akaisogelea, akaiwekea kiganja juu ya mgongo wake, kama mtu anayepima homa, akasikia joto lake na mtetemo. "Wakiwa mia?"

"Wakiwa na mashine mia, kitabu ni hicho kimoja."

Kikao kilichukua saa nyingi na mimi nilikuwa nje naandaa chai, kwa hiyo sijui kila lililosemwa. Najua kwamba waliamua mashine tatu ziende Mbinga na tatu zibaki. Vitanda vilikuja, nusu ya tulivyohitaji, na baadhi ya wale watoto wakaacha kulala wawili wawili. Siku ya kuzipakia zile tatu Mwalimu Kazembe alifupisha waya mwenyewe, akachomeka kile kizibo chake cha redio upande wa pili, akahakikisha zilizobaki zinajibu. Hakulalamika. Aliniambia kwamba mahali palipo na mashine mbili mtandao upo, na sisi tumejaliwa moja zaidi. Miaka miwili baadaye alirudi Nalasi kumuuguza mama yake, na hakutoka tena huko. Mimi nilikwenda Dar, nikatafuta watu wanaofanya kazi aliyonifundisha, nikawakuta wana majina makubwa ya vitu nilivyovijua kwa jina la mama wa stendi.

Lakini ninalotaka Mwajuma alijue zaidi lilitokea mwezi mmoja baada ya kikao, shule imefungwa, wasichana wamekwenda makwao. Mama Kamugisha alituita chumbani alasiri moja ya mvua. Alikuwa ameshika karatasi. Akasema anataka ukurasa mmoja mpya, nje ya notisi, ambao kila msichana atakayefungua atauona wa kwanza. Nikakaa kwenye mashine ya kwanza. Mwalimu Kazembe akakaa kwenye ya mwisho, ili atusomee jinsi unavyotokea. Mama akasimama katikati na kuanza kunitajia, polepole, kwa Kiswahili, mambo yote aliyowahi kufundisha vibaya: ziwa lile, kimo cha mlima mmoja, mwelekeo wa upepo fulani, mpaka wa nchi uliokwishahama yeye akiwa bado anauchora pa zamani. Kila kosa aliliwekea shule aliyokuwa akifundisha, kisha sahihisho lake. Nilichapa, nikahifadhi, na upande wa pili wa chumba Mwalimu akabonyeza na kusoma kwa sauti, kosa moja moja, kwa sauti ileile aliyosomea hesabu darasani, bila kupunguza wala kulainisha. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Yalikuwa saba. Mwalimu aliposoma la saba, mvua bado inapiga bati, nikauliza kama niufunge ukurasa.

"Hapana," akasema Mama Kamugisha. "Acha nafasi chini."

Nikaacha nafasi. Mwalimu Kazembe akabonyeza, akautazama ule weupe uliofika kwenye kioo chake, akasema, "Imefika, Mkuu."